Dilolo, mji unaouliza: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kiangazi kikishika, kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa nane, barabara ya Kolwezi kwenda Dilolo inakauka na watu wanaanza kurudi. Wengine wanatoka Kolwezi na Likasi, wengine Lubumbashi, wengine ng'ambo ya mpaka, Luau na Luena, wengine Solwezi upande wa Zambia. Shule zimefunga, mavuno yako ndani, matope yamekwisha. Ni wakati wa ndoa, wakati wa kuondoa matanga, wakati wa mukanda kwa vijana wanaotahiriwa. Ni wakati pia wa wanafunzi wa zamani kukutana.

Mgeni anashuka na begi lake, anasalimia wazee waliokaa chini ya mwembe. Wanaitika. Kisha swali linakuja: "Wewe ni mtoto wa nani?" Akijibu kwa jina la baba peke yake, wanaendelea: "Na mama? Mjomba wako ni nani?" Kwa Wachokwe na Waluvale ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo jina la mjomba ndilo linalofungua mlango. Kijana aliyezaliwa mbali anaweza kukosa jina hilo. Hapo wazee wanajaribu njia ya pili: "Baba alisoma shule gani? Darasa la mwaka gani? Mwalimu wake alikuwa nani?"

Ukoo na shule. Kwa mtu wa mji mkubwa maswali hayo yanaweza kuonekana kuwa mazungumzo ya kupitisha wakati. Katika teritware ya Dilolo yana uzito, kwani watu wa hapa wametawanywa mara nyingi, na kila mara karatasi zao zimepotea njiani. Kilichobaki ni watu wanaokumbukana.

Ziwa lililomeza kijiji

Jina lenyewe la Dilolo limebeba hadithi ya mgeni. Ziwa Dilolo leo liko upande wa Angola, kusini magharibi ya mji. Mskoti David Livingstone alipita hapo kunako mwezi wa pili 1854, na wenyeji wakamsimulia habari za mama mmoja mtawala, Moene Monenga. Mama huyo alifika jioni akiomba chakula. Katika nyumba moja mke wa mwenye nyumba alimpa. Katika kijiji cha pili walimnyima, wakamcheka na kumuuliza atafanya nini. Akaanza kuimba polepole, akitaja jina lake. Alipomaliza, kijiji chote kilizama, watu, kuku na mbwa, na maji yakajaa mahali pale. Mume mmoja aliyekuwa safarini alirudi akakuta ziwa tu. Livingstone aliambiwa kwamba jina Dilolo linatokana na neno la kukata tamaa, tamaa ya yule aliyerudi nyumbani asikute nyumbani.

Livingstone aliona jambo lingine pia: katika eneo hilo maji yanaachana. Mito mingine inakwenda Kasai, inaingia mto Kongo na kufika bahari ya Atlantika. Mingine inakwenda Zambezi na kuishia bahari ya Hindi. Watu wa hapa nao wameachana namna hiyo, mmoja magharibi, mmoja mashariki, wakati bibi yao ni mmoja.

Mpaka uliopita katikati ya ukoo

Kabla ya Wazungu, nchi hii ilikuwa ndani ya utawala mkubwa wa Walunda chini ya Mwant Yav, ambaye makao yake hadi leo yako Musumba katika Kapanga. Walunda, Wachokwe, Waluvale na Wandembu walioana, walipigana, walipatana. Kunako 1891 Ureno na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili ziligawana nchi ya Lunda kwa mkataba. Tangu hapo mtu aliweza kulala kwa shangazi yake akawa amelala nchi ya kigeni.

Mpaka huo haukutulia. Kunako mwezi wa saba 1927 Ubelgiji na Ureno walibadilishana ardhi. Wabelgiji walitaka kipande kidogo karibu na Matadi, kilomita za mraba zipatazo 3, ili kupitisha vizuri reli ya kwenda Leopoldville. Kwa kipande hicho waliipa Angola kilomita za mraba zipatazo 3,500 za kusini magharibi mwa Katanga. Kwenye ramani sehemu hiyo ilifanana na kiatu kirefu, ndiyo maana vitabu vinaiita "buti la Dilolo". Aliyelala siku hiyo akiwa raia wa Wabelgiji aliamka chini ya Wareno, bila kuhama kitanda. Vijiji havikusogea. Mpaka ndio uliosogea.

Yapo mambo ya leo yanayoanzia hapo. Wazee wanaposema kwamba shamba la babu liko ng'ambo, au kwamba kaburi la bibi liko Angola ijapo hakuhama kamwe, wanasimulia mambo yaliyoandikwa katika mkataba huo.

Reli iliyoleta shule, na herufi D

Reli ya Benguela ilianza Lobito, pwani ya Angola, kunako 1903, kwa kibali alichopewa Robert Williams, mtu wa Scotland aliyekuwa akitafuta njia fupi ya kutoa shaba ya Katanga. Ilichukua zaidi ya miaka 25 kufika mpakani, kilomita 1,344. Kunako 1931 iliungana na reli ya Katanga iliyopita Tenke, Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji. Dilolo likawa lango. Baada ya uhuru kampuni ya reli iliitwa KDL: Kinshasa, Dilolo, Lubumbashi. Mji huu mdogo ulisimama katikati ya miji miwili mikubwa ya nchi, na mafundi wa reli walijivunia ile herufi D hadi kampuni ilipobadilishwa kuwa SNCZ kunako 1974.

Pamoja na reli ulikuja mshahara, na kwa mshahara watoto walipelekwa shuleni. Misheni za Wakatoliki na za Waprotestanti zilifungua shule katika nchi hii ya Walunda na Wachokwe. Mtoto wa mkulima alikaa benchi moja na mtoto wa fundi wa reli aliyetoka Kasai na mtoto wa mfanyabiashara aliyevuka kutoka Vila Teixeira de Sousa, jina la Luau wakati wa Wareno. Nyumbani kila mmoja alikuwa na lugha yake. Uwanjani walizungumza Kiswahili, mbele ya mwalimu Kifaransa. Aliyetaka kusonga mbele alipanda treni kwenda Kolwezi au mbali zaidi. Ndiyo maana mtu wa Dilolo mwenye umri wa miaka 70 akitaja shule anataja na stesheni.

Siku kumi kati ya mkataba na vita

Kunako 1974 utawala wa Mobutu ulizichukua shule za makanisa. Mambo hayakwenda sawa, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa ili wazisimamie tena. Shule nyingi zinazoitwa za mkataba zinafuata mpango huo hadi leo.

Katika Dilolo hawakupata nafasi ya kufurahia. Siku kumi baadaye, tarehe 8 mwezi wa tatu 1977, wapiganaji wa FLNC wa Nathanaël Mbumba walivuka kutoka Angola. Wengi wao walikuwa watu wa huku huku: askari wa zamani wa Katanga ya Moïse Tshombe waliokimbilia Angola baada ya 1963 na tena 1967, pamoja na watoto wao. Walichukua Dilolo, Kisenge, Kasaji na Kapanga. Mutshatsha ilianguka tarehe 25 ya mwezi huo. Katika mwezi wa nne Ufaransa ililetea Mobutu wanajeshi wa Moroko wapatao 1,500, na kufikia mwisho wa mwezi wa tano miji yote ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali. Historia inaviita vita vya siku 80.

Kwa familia, vita havikuisha siku ya 80. Jeshi liliporudi, Walunda na majirani zao walihofia kuitwa wasaidizi wa waasi, na makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Angola. Mwaka wa shule ulikatika katikati. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuwa akingojea cheti chake mwezi wa saba alijikuta kambini ng'ambo, bila cheti, na mwalimu wake akiwa kambi nyingine.

Kunako mwezi wa tano 1978 FLNC walirudi kwa njia ya Zambia, safari hii hadi Kolwezi, na mji huo ukapata mauaji ambayo wakaaji wake hawajayasahau. Baada ya hapo Zaire na Angola walipatana, Mobutu akatangaza msamaha kwa waliokimbia, na wengi wakarudi. Lakini si wote. Wapo waliobaki Angola wakazaa huko. Wapo waliorudi kunako 1997 pamoja na AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, wanaume wazima wanaozungumza Kireno kuliko Kifaransa. Walipofika nyumbani kwa baba zao waliulizwa swali lile lile: mtoto wa nani?

Benchi moja, wakimbizi wawili

Haifai kusahau kwamba njia ile ile ilipitiwa pia na watu wa upande wa pili. Siku ya Noeli 1966 UNITA ilishambulia Teixeira de Sousa. Kunako 1975 Angola ilipata uhuru ikaingia vitani, na vita hivyo vilidumu hadi mwezi wa nne 2002. Waangola walivuka kuja kwetu. HCR iliwasimamia katika kambi za Kisenge, Divuma na Tshimbumbulu. Watoto wao walikulia nchini Kongo, wakajifunza Kiswahili, wakaimba wimbo wa taifa letu kwenye mstari wa asubuhi.

Kuanzia 2003 misafara ya kurudi Angola ilianza. Kwa mtoto aliyezaliwa Kisenge, safari iliyoitwa kurudi nyumbani ilikuwa safari ya kwenda mahali asipopajua. Mama alilia kwa furaha, mtoto alilia kwa sababu aliwaacha wenzake wa darasa. Leo watoto hao ni watu wazima, na kiangazi wanavuka daraja kuja kutafuta wale waliokaa nao benchi moja.

Jina moja, maandishi matatu

Tatizo kubwa la anayerudi ni karatasi. Tuchukue jina moja tu la kawaida. Kongo, kwa tahajia ya Kifaransa, litaandikwa Tshinyama. Angola, kwa tahajia ya Kireno, litakuwa Tchinhama. Zambia, kwa Kiingereza, ni Chinyama. Ndugu watatu wa tumbo moja waliokimbia njia tatu wana majina matatu mbele ya karani. Ongeza sheria ya 1972, wakati Mobutu alipokataza majina ya Kizungu: aliyeandikishwa shuleni kwa jina la ubatizo alitoka na jina lingine. Wenzake wa 1968 wanamwita kwa moja, wa 1975 kwa lingine.

Sheria ya uraia ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004 inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilifanya nchi iliyokuwa Kongo siku ya uhuru. Inasema pia kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Kwa kabila lililo katikati ya nchi, jambo ni rahisi. Kwa Mchokwe au Mlunda wa Dilolo, ambaye kabila lake liko Kongo, Angola na Zambia, kutaja kabila hakutoshi. Lazima aonyeshe ni wa kijiji gani na wa nani. Asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuomba hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti hicho, na mahakama inahitaji watu wanaomjua. Ndipo ndugu na wenzake wa darasa wanapokuwa mashahidi.

Hapo mtu anaelewa kwa nini mzee wa miaka 65 anasafiri siku mbili kwa lori ili tu akae na watu kumi na wawili waliosoma naye. Wakimtambua wao, amepata watu wa kusema mbele ya wakubwa: huyu tunamjua, alikaa karibu na dirisha, baba yake alikuwa mtu wa reli.

Namna wanavyokutana

Mikutano ya wanafunzi wa zamani haina mambo makubwa. Wanaanza na misa au sala. Kisha mmoja anashika karatasi na kusoma majina ya darasa, kama mwalimu asubuhi. Aliyepo anaitika. Kwa asiyekuwepo, wenzake wanasema: yuko Luena, yuko Lubumbashi, amekufa. Kwa jina la marehemu wanasimama kimya. Kuna majina ambayo hakuna anayeyajibia, na hayo ndiyo yanayouma zaidi. Mwenye karatasi anaweka alama ya kuuliza, na kazi ya kutafuta inaanza.

Kisha wanakula: bukari ya muhogo, sombe, samaki, na asali ya porini. Munkoyo inapita. Wanacheka viboko vya mwalimu wa hesabu. Halafu wanakwenda kuona shule yenyewe, na hapo kicheko kinapungua. Paa, madawati, choo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, watoto wameongezeka, na benchi lililokaliwa na watatu linakaliwa na watano. Wanachanga walichonacho, mbao, mabati, vitabu.

Mikutano ya familia ni migumu zaidi, kwani ina mambo ya ardhi. Aliyekimbia 1977 aliacha parsele. Aliyebaki aliilima, akajenga, akazika watoto wake hapo. Wote wawili wana haki fulani mioyoni mwao. Familia zilizofaulu zilifuata njia ya zamani: mjomba mkubwa anakaa katikati, aliyebaki anasimulia kwanza, aliyerudi anasimulia baadaye, na hakuna anayetaja mahakama siku ya kwanza. Mara nyingi aliyerudi anapewa kiwanja kingine kando, na aliyebaki anatambuliwa mbele ya wote kama mlinzi wa makaburi. Palipoanza kwa barua ya mwanasheria, kilio kinachofuata kinakuwa na watu nusu.

Jambo hilo ni la haraka sasa. Reli ya Benguela, iliyonyamaza tangu 1975, ilikarabatiwa na Wachina, na tarehe 14 mwezi wa pili 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kuifungua. Kunako 2018 manganizi ya Kisenge ilianza kupita tena kwenda Lobito. Kunako mwezi wa saba 2023 kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilikabidhiwa njia hiyo kwa miaka 30. Kolwezi inatoa shaba na kobalti, na dunia inatazama ukanda wa Lobito. Ardhi iliyo karibu na reli, ambayo jana ilikuwa majani na mihogo, kesho itakuwa na bei. Siku hiyo kila mtu ataulizwa: wewe ni nani hapa? Afadhali familia zijibu swali hilo pamoja kabla mgeni hajaliuliza.

Kabla ya kupanda gari

Kwa walio mbali wanaotaka kurudi kiangazi kijacho, wazee wanatoa mashauri machache. Andika majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, na jina la mjomba, kwa maandishi yote uliyowahi kuyaona. Leta bulteni ya zamani, hata iliyochanika. Leta picha ya darasa, na nyuma yake uandike majina ya walio ndani wakati bado kuna anayeyakumbuka. Mlete mtoto, na umfundishe angalau salamu kwa lugha ya bibi yake. Kama huwezi kusafiri, tuma salamu kwa redio, taja shule na mwaka. Mara nyingi inatosha mtu mmoja kusikia.

Na kwa walio Dilolo, wanaomwona mtu akishuka na begi na Kiswahili chake kimechanganyika na Kireno: mpeni kiti kwanza, mpeni maji, ndipo mumuulize yeye ni mtoto wa nani. Kijiji cha Moene Monenga kilijua maswali, kikasahau chakula.